Maswali ya Wasomaji: Mishubiri ya Vyunguni Kati ya Kiangazi na Masika

Barua zilizotufikia tangu mvua zilipoanza ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii, na karibu zote zimetoka kwa watu wanaopanda mishubiri (yaani alovera na jamaa zake), kaktasi na mimea mingine ya majani manene kwenye ndoo, makopo na vyungu barazani mwao. Nimechagua saba na kuzifupisha bila kuzibadilisha maana. Msomaji atakayeona kwamba bibi shamba wake anazungumzia mvua mara nyingi zaidi kuliko ukame, wakati mimea yenyewe inasifiwa kwa kustahimili ukame, aelewe kwamba ndivyo barua zenyewe zilivyonielekeza: hakuna hata moja iliyoeleza mmea uliokufa kwa kiu.

*Shikamoo Bibi Shamba. Ninao mshubiri niliopewa na shangazi yangu miaka mitatu iliyopita, nao niliupanda kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 niliyoitoboa matundu matano. Kiangazi kilichopita nilisafiri, ukamwagiliwa mara mbili tu, na niliporudi niliukuta umesinyaa lakini ni mzima. Mvua ziliponyesha mfululizo kwa wiki tatu, majani ya chini yakawa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, yakageuka rangi na kuonekana kama yaliyolowa mafuta, na juzi mmea wote umelala. Chini ya ndoo niliweka kokoto kimo cha kiganja ili maji yapite. Nimekosea wapi? – Msomaji wa Isevya, Tabora.*

Marahaba, mwanangu. Kusafiri kwako hakukuwa kosa, na huenda ndiko kulikouweka mmea huo hai mpaka Novemba. Mizizi ya mshubiri, kama mizizi mingine yote, inahitaji hewa. Udongo ukijaa maji katika kila nafasi iliyo kati ya chembe na chembe, hewa hufukuzwa, mizizi myembamba hufa kwa siku chache, kisha vimelea vya kuoza vilivyomo udongoni siku zote huingia kupitia mizizi hiyo iliyokufa na kupanda hadi kwenye shina. Majani uliyoyaona yamelainika ni dalili ya mwisho. Chini ya udongo ugonjwa ulikuwa umeanza wiki mbili au zaidi kabla hujauona.

Sasa tuzungumzie kokoto, kwa sababu ushauri huo wa kuweka kokoto chini ya chombo umeenea mno, hata mimi nilifundishwa hivyo na kuwafundisha wengine kwa miaka mingi. Tunadhani kwamba maji yakifika kwenye kokoto yataanguka mara moja kama yaangukavyo kwenye mtaro. Kwa kweli maji hung'ang'ania chembe ndogo za udongo kwa nguvu zaidi kuliko yanavyong'ang'ania mawe makubwa, kwa hiyo yakifika kwenye mpaka wa udongo na kokoto husita pale na kuujaza udongo ulio juu ya mpaka huo kabla hayajashuka. Tabaka la matope ambalo lingekaa kwenye kitako cha ndoo, mbali kidogo na shina, limepandishwa kimo cha kiganja kuelekea kwenye mizizi. Umepunguza udongo mkavu, na tope limebaki kiasi kilekile.

Asiyeamini na achukue kipande cha sponji la godoro chenye ukubwa wa tofali, akiloweshe kabisa, kisha akilaze kwenye wavu mpaka kiache kudondosha maji. Kinapoacha, akisimamishe wima bila kukikamua. Maji yataanza kutiririka upya, ijapokuwa sponji ni lilelile na hakuna aliyeongeza tone, kwa sababu tabaka lile la chini linaloshikilia maji lina kimo chake maalumu, na sponji likiwa refu sehemu kubwa zaidi huwa juu ya tabaka hilo. Vivyo hivyo chombo kifupi na kipana hubaki na maji mengi kwa kulinganisha na chombo kirefu chenye udongo uleule. Beseni lililotoboka, ambalo wengi wetu tunalipenda kwa kuwa lipo tu uani, ndilo chombo kibaya kuliko vyote kwa mshubiri wakati wa masika, isipokuwa udongo wake uwe wa chenga tupu.

Dawa, basi, ni udongo wenyewe kuwa wa chembe kubwa kuanzia juu hadi chini. Kwa hapa Tabora ninachanganya kwa ujazo: sehemu mbili za mchanga mkubwa wa mtoni, sehemu moja ya chenga za tofali la kuchoma, sehemu moja ya chenga za mkaa, na sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa au mboji. Chenga hizo huzipitisha kwenye chekecheke, vumbi lote nikalimwaga, nikabakiza zile zenye ukubwa wa kuanzia punje ya uwele hadi punje ya choroko. Tofali liwe la udongo wa kuchoma, kwani tofali la saruji huongeza chokaa ambayo si mimea yote inayoipenda. Udongo mweusi wa mbuga usiutie hata kidogo, na udongo wa kichuguu, ambao mafundi wanausifu kwa kukandika nyumba, una sifa hiyohiyo ya kuganda inayoufanya usifae hapa. Ukishajaza chombo, mimina lita moja ya maji: yanapaswa kutoweka juu ya udongo kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili au tatu na kuanza kutoka chini muda mfupi baadaye. Yakituama juu, ongeza chenga.

Kuna na jambo la hesabu. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwetu kunyesha mchana mmoja wa Desemba, huleta lita 50 kwa kila mita ya mraba. Chungu chenye mdomo wa sentimita 30 kilichowekwa mahali peupe hupokea takribani lita tatu na nusu, kiasi ambacho udongo mzuri utakipitisha bila madhara. Lakini chungu hichohicho kikiwekwa chini ya ukingo wa bati usio na mfereji, na paa likawa na mteremko wa mita nne, hupokea karibu lita 60 kwa mvua hiyo moja. Mwaka wangu wa kwanza wa kupanda mimea hii nilipanga vyungu kumi na viwili kwa mstari mzuri kabisa kandokando ya baraza, kumbe mstari ule ulikuwa ndio mstari wa matone ya paa, na kufikia Krismasi vilibaki viwili. Sogeza vyombo hatua moja ndani au hatua mbili nje. Viinue juu ya vipande viwili vya tofali ili matundu ya chini yasizibwe na tope, na visahani vinavyowekwa chini ya vyungu uvitoe vyote kuanzia mvua ya kwanza hadi mwisho wa Aprili.

Mmea wako huenda bado unaokoka. Ung'oe, kata shina kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti, ukipandisha kidogokidogo mpaka ufikie mahali ambapo ndani ni peupe au kijani bila doa la kahawia. Palipokatwa paache pakauke kivulini, penye hewa, kwa siku saba hadi kumi, kisha uusimamishe juu ya mchanga mkubwa mkavu na usimwagilie kwa wiki moja zaidi. Ukiona vitoto pembeni ya mama visivyo na dalili ya kulainika, vitenge mara moja. Mara nyingi hivyo ndivyo vinavyobaki.

*Bibi Shamba, ninaomba unipe ratiba. Kuanzia Juni hadi Oktoba nimwagilie mara ngapi kwa wiki, na je, ni asubuhi au jioni? Mke wangu anasema kila Ijumaa, jirani anasema mmea huu haumwagiliwi kabisa. – Msomaji wa Kitete, Tabora.*

Ndugu yangu, ratiba sitakupa, na naomba usiniwie vibaya. Juni na Julai usiku wa Tabora huwa na baridi, jua halichomi sana, na chungu kilicholoweshwa vizuri kinaweza kukaa wiki tatu kabla udongo wa chini haujakauka. Ifikapo mwisho wa Septemba, upepo mkavu unapovuma na joto la mchana kupita nyuzi 30, chungu kilekile kitakauka kwa siku saba au nane. Ijumaa ya Julai na Ijumaa ya Oktoba hazilingani. Njia ninayoitumia ni kukinyanyua chungu kwa mkono: siku unapokimwagilia kinyanyue ukariri uzito wake, na siku utakapokinyanyua ukakiona chepesi kama kitu kitupu, ngoja siku mbili tatu zaidi kisha mwagilia. Kwa vyombo vizito visivyonyanyulika, choma kijiti kikavu hadi chini, kiache kwa dakika kumi, ukichomoe. Kikitoka na unyevu au udongo ulioganda, rudi wiki ijayo.

Unapomwagilia, mwagilia kweli mpaka maji yatoke chini, kwani kunyunyizia kikombe kimoja kila siku huloanisha sehemu ya juu tu na kuifundisha mizizi kukaa juu, mahali ambapo joto la Oktoba litaikausha. Kuhusu saa, mimea hii ina tabia ya peke yake. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya kabonidioksaidi, na wakati huo hupoteza maji mengi. Mishubiri, kaktasi na jamaa zao hufungua vitundu hivyo usiku, hewa ikiwa na ubaridi, huihifadhi kabonidioksaidi katika umbo la asidi ndani ya majani, kisha mchana hujifunga na kuitumia akiba hiyo kwa mwanga wa jua. Mwaka 1813 Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, aliandika kwamba majani ya mmea mmoja wa aina hii yalikuwa makali kwa asidi asubuhi, na kufikia mchana ukali ulikuwa umepotea. (Usiyaonje mwenyewe: mmea aliouonja, ambao kwetu huonekana sana makaburini na kwenye nyua na huotesha vitoto pembezoni mwa majani, una sumu inayodhuru moyo, na imeua mifugo.) Kwa hiyo jioni si saa mbaya, ila maji yasilale katikati ya majani, hasa usiku wa baridi wa Juni. Elekeza mdomo wa kopo kwenye udongo.

Jirani yako naye ana nusu ya haki. Mshubiri uliopandwa ardhini ukazeeka unaweza kuachwa kiangazi chote, kwa kuwa mizizi yake hutambaa mbali. Ulioko kwenye chungu hauna pa kwenda.

*Salaam Bibi Shamba. Baraza letu linatazama kaskazini. Mwezi Juni na Julai mishubiri yetu iligeuka rangi ikawa kama udongo mwekundu tukadhani inakufa. Sasa Desemba imerudi kuwa kijani, lakini imefifia, inarefuka na kuinama kama inayotafuta kitu, na hakuna hata mmoja uliowahi kutoa maua. Vyungu havijahamishwa. – Mama na mabinti zake, Cheyo.*

Hili ni swali lililonifurahisha kuliko yote, kwa kuwa jibu lake liko angani. Tabora iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi tano hivi, na Kigoma vivyo hivyo, kwa hiyo jua la mchana hupita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi. Kati ya Machi na Oktoba jua la saa sita huwa upande wa kaskazini, na kufikia Juni limeinama kwa nyuzi 28 kutoka utosini, hivi kwamba miale yake huingia chini ya paa la baraza linalotazama kaskazini na kulala juu ya vyungu kutwa nzima. Kati ya Oktoba na Machi jua huhamia kusini, na baraza lenu lote huingia kivulini. Mishubiri yenu iligeuka nyekundu Juni kwa jua kali lililoambatana na ukavu. Rangi ile ni kinga ambayo jani hujitengenezea, wala si ugonjwa. Na sasa inarefuka kwa sababu imekosa mwanga, tena katika msimu ule ambao ina maji na joto la kukua.

Ninyi, basi, hamishieni vyungu upande wa kusini wa nyumba kuanzia katikati ya Oktoba, mahali penye paa linalozuia mvua lakini jua likaingia, na virudisheni kaskazini Aprili. Wasio na baraza la kusini wanaweza kutumia bati la plastiki linalopitisha mwanga, lililoinuliwa juu ya nguzo nne, hewa ikipita pande zote. Kivuli cha mwembe, ambacho katika mji wetu hakikosekani, kiacheni kwa ajili ya watu: mwembe huzuia mwanga wakati wote na baada ya mvua huendelea kudondosha matone kwa saa nzima.

Uhamisho ufanyike kwa hatua. Jani lililokuzwa kivulini likitolewa ghafla kwenye jua la Oktoba, ambalo liko utosini na anga halina wingu, hupata mabaka yaliyopauka kama majani makavu ya mgomba, na mabaka hayo hayaponi mpaka jani litakapozeeka na kudondoka. Anzeni na jua la asubuhi kwa siku kumi, kisha mlete lile la mchana. Mkifanya hivyo kwa mwaka mzima, na mmea ukiwa umetimiza umri wa miaka mitatu au minne, nategemea maua yataonekana katika kiangazi. Mishubiri mingi huchanua wakati huo ambapo maua mengine ni haba, na ndiyo maana ndege wale wadogo tunaowaita chozi, pamoja na nyuki wetu, huijua nyumba yenye mshubiri uliochanua kabla hata wenye nyumba hawajaamka.

*Bibi Shamba, habari za Tabora? Hapa kwetu vyungu vya udongo vimeota ukoko mweupe ubavuni, na ncha za majani ya mishubiri zimekauka na kuwa kahawia. Nimetumia mchanga safi wa ufukweni na maji ya ziwa, tena namwagilia kwa uangalifu. – Msomaji wa Mwanga, Kigoma.*

Njema, ndugu yangu. Ukoko huo ni chumvichumvi za maji yenyewe. Maji ya Ziwa Tanganyika tunayaita matamu, na ni matamu kweli, lakini yamebeba madini mengi kuliko maji ya mvua na yana hali ya ualkali. Sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani hutoka kwa kupanda angani kama mvuke, na ni kiasi kidogo tu kinachotoka kwa Mto Lukuga kuelekea Kongo. Mvuke huondoka mtupu, madini hubaki. Jambo hilohilo linatokea katika chungu chako: unamwaga kopo moja, maji yanapanda angani, madini yanabaki, na kwa miezi sita ya kiangazi yanarundikana mpaka yanachoma ncha za mizizi na za majani.

Kumwagilia kidogokidogo kwa uangalifu, unakokutaja kama sifa, kwa chumvi ni hasara, kwani hakuna kinachosukumwa nje kupitia matundu. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, na mara moja kila baada ya miezi miwili mimina polepole maji yenye ujazo mara tatu ya chungu, yote yatoke chini. Mvua yenyewe itakufanyia kazi hiyo bure kama udongo wako unapitisha maji. Hata hivyo mchanga wa ufukweni ulioutumia ni laini na wa chembe zinazolingana, nao hushikamana ukilowa; ubadilishe kwa mchanganyiko niliomweleza msomaji wa Isevya, na kazi hiyo uifanye mwisho wa Agosti, siku zinapoanza kupata joto na mvua ikiwa bado mbali, ili majeraha ya mizizi yapate kukauka. Baada ya kupanda upya subiri wiki moja ndipo umwagilie. Ubavu wa chungu unaweza kuusugua kwa ndimu, lakini ubavu si tatizo. Chungu cha udongo kinachotoa chumvi kwa nje kinakusaidia, maana chumvi hiyo ingebaki ndani ya ndoo ya plastiki usiione.

*Nimebakiwa na mbolea ya tumbaku, NPK 10-18-24. Je, naweza kuwatilia alovera na kaktasi zangu? – Mkulima wa Urambo.*

Unaweza, kwa mkono mzito wa bahili. Yeyusha kijiko kimoja cha chai katika lita 10 za maji, mwagilia mmea ambao udongo wake tayari una unyevu kidogo, mara moja mvua zinapoanza na mara moja Machi. Kiangazi usitie chochote, kwa sababu mmea umepumzika na chumvi ya mbolea itabaki ikichoma. Punje usiziweke kavu juu ya udongo wa chungu. Mshubiri uliolishwa sana hunenepa haraka, majani yake huwa mepesi kuvunjika na huoza kwa mvua ambayo mwenzake aliyekonda ameivumilia. Urea, samadi mbichi na kinyesi kibichi cha kuku hufanya vibaya zaidi.

*Shikamoo. Nilikata jani zuri la mshubiri wa mwalimu wetu, nikalipanda, likaoza. Nikapanda jingine, likaoza. Lakini jani la mmea ule unaosimama kama mapanga liliota. Kwa nini? – Mwanafunzi, Sikonge.*

Marahaba, mjukuu wangu. Jani la mshubiri likikatwa halina chanzo cha kutengenezea shina jipya, hata likiotesha mizizi, kwa hiyo huoza. Mwombe mwalimu kitoto kinachochipua pembeni ya mmea, chenye mizizi yake, kikiwa na kimo cha kidole chako kirefu au zaidi. Ule wa mapanga, sansevieria, huota kutoka kipande cha jani, ila ukipandwa ule wenye kingo za manjano, vitoto vitatoka kijani vitupu. Ukiitaka ile manjano, gawanya mizizi. Ukikata kipande, kumbuka upande upi ulikuwa chini, kwani kikipinduliwa hakioti.

*Bibi Shamba, mishubiri yangu ina vitu vyeupe kama pamba katikati ya majani, na sisimizi wanapanda na kushuka kutwa. Nimepiga dawa ya sisimizi, wamerudi. Pia nauliza: tuna rafiki anayechimba mishubiri porini na kuituma Kigoma ivushwe ziwa, anatuuzia kwa bei nafuu, nasi tunaambiwa yote ni alovera na utomvu wake ni dawa ya kila kitu. Tununue? – Wasomaji wa Ng'ambo, Tabora.*

Vyeupe hivyo ni vidung'ata, wadudu wanaofyonza utomvu na kutoa majimaji matamu, na sisimizi wako ni wachungaji wao: huwalinda na kuwahamishia kwenye majani mapya ili wapate utamu huo. Ukiua sisimizi ukaacha vidung'ata, umefukuza mchungaji ukabakiza ng'ombe. Chovya pamba kwenye spiriti, wafute mmojammoja, kisha pulizia maji yenye sabuni ya kipande iliyoyeyushwa, jioni jua likishatua, na rudia kila baada ya siku saba mara tatu, kwa sababu mayai hayafi kwa mara ya kwanza. Mmea ukiendelea kudhoofu bila pamba kuonekana juu, ung'oe utazame mizizi, kwani wapo wanaoishi chini ya udongo. Hao huondolewa kwa kuosha mizizi yote, kuikausha siku tatu na kupanda katika udongo mpya.

Kuhusu rafiki yenu, msinunue. Alovera ni aina moja tu kati ya mamia ya aina za mishubiri, asili yake ni Bara Arabu, na ile ya misitu yetu ya miombo ni mingine, yenye majani mafupi au yenye madoa na miiba mikali zaidi. Mkataba wa kimataifa wa CITES wa mwaka 1973, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unadhibiti biashara ya mishubiri yote kuvuka mipaka isipokuwa alovera peke yake, kwa hiyo mzigo unaovushwa kwenda Burundi au Kongo bila kibali ni kosa la kisheria, na uchimbaji ndani ya msitu wa hifadhi unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kabla ya jembe kugusa ardhi. Mmea wa porini uliochimbwa ukiwa mkubwa, tena mizizi yake ikakatwa, mara nyingi hudumu kwenye chungu msimu mmoja kisha hufa.

Utomvu wa manjano unaotoka chini ya ganda la jani ndiyo shubiri yenyewe, ule uchungu tunaoutolea mfano tunaposema jambo ni chungu kama shubiri. Huharisha kwa nguvu, na mama mjamzito hapaswi kuunywa. Ute angavu wa ndani wa alovera ni kitu kingine, nao hupakwa kwenye ngozi. Mishubiri ya porini isinywewe kabisa, kwani baadhi ya aina zake zina sumu. Na kwa kuwa kwenye nyua nyingi za Ng'ambo chungu cha mshubiri huwekwa jirani na ua wa mnyaa, vaeni glavu mnapopogoa ua huo, na utomvu wake mweupe ukiingia jichoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 na mwende hospitali siku hiyohiyo.